Sindano Ishirini

Kila Jumamosi Veikka, mtoto wa jirani,
hukung'uta theluji viatuni, huingia bila hodi,
huketi mezani na kunitilia uzi sindano ishirini.
Macho yake yana miaka tisa, yangu themanini na mitatu;
tundu la sindano kwangu limekuwa uvumi tu.
Ujira wake ni maandazi mawili ya iliki
na ruhusa ya kukanyaga cherehani ikiwa haina uzi.

Wenzangu wa meza ya kahawa kanisani
wanasema nikunje jamvi.
Umekula chumvi, Hilkka, pumzika.
Tyyne amekwenda Uhispania na goti lake jipya,
anatutumia picha za michungwa.
Sina ugomvi na michungwa.
Ila nilipomzika Eevertti, kabati lake lilinikabili
na mashati saba meupe:
ya Pasaka, ya mazishi,
ya kubatizia watoto wa watu wengine.
Nikachukua mkasi.
Shati la mwanamume mnene
hutoa kanzu sita za urefu wa kiganja.

Kiganja, naam.
Hospitali ya Kajaani huomba vipimo vitatu:
wiki ishirini na mbili, ishirini na nane, na waliotimia.
Ni za watoto wanaozaliwa kimya.
Mgongoni naacha wazi, nafunga kwa utepe,
maana mikono yao haipindwi kama ya walio hai.
Hilo alinifundisha muuguzi Saana,
akilisema huku anatazama dirisha.

Hajaniuliza kwa nini.
Machi, mwaka wa sitini na tisa, barabara zimeshikwa na barafu,
niliona beseni lililofunikwa taulo likipita mlangoni.
Lilikuwa langu.
Daktari akasema: ungali kijana, nenda nyumbani, utasahau.
Nikaenda nyumbani.
Utii wangu uliishia hapo.

Sikupata mwingine.
Miaka arobaini niliimba kwaya, sauti ya pili,
nikiishi na Mungu kama mtu na shemeji aliyemkosea:
salamu, kahawa, habari za baridi.

Sijui ni lini tulianza kusemezana tena.
Labda ni kwenye pindo la kanzu ya tatu,
nilipokosea mshono, nikafumua, nikajikuta nasema,
"Hata huyu hatalalia mshono mbaya,"
na chumba kikanyamaza
kama mtu aliyeweka kikombe chini asikilize.

Mchungaji wetu mpya, kijana mwenye masikio mekundu,
aliniletea kijitabu cha kuwaandaa wazee kwa safari.
Nilimshukuru kwa dhati.
Jalada lake ni gumu, limefaa sana
kukatia kigezo cha kola.

Mikono inatetemeka. Nimejifunza kuingojea:
mara tatu, mara nne, inatulia, hapo nachoma.
Kanzu ya siku moja sasa ni kazi ya siku nne.
Katikati ya mchomo na mchomo
naliombea jina ambalo mama mmoja, mahali fulani mkoani humu,
bado analitafuta kwenye orodha, kwa furaha,
asiyejua kwamba nipo, asiyejua
kwamba namwombea nisihitajike.
Bwana, hii ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya
nikitamani itupwe.

Limebaki shati moja, la arusi.
Kola yake imekuwa rangi ya chai.
Litatoa sita. Tano nitampa Saana.
Ya sita, ya waliotimia,
Veikka ameshaambiwa ilipo: kwenye kopo la vifungo.
Siku ile waiweke mfukoni mwangu.
Huko hawahitaji nguo, nadhani.
Lakini mama haendi mikono mitupu.

Leo ni Ijumaa. Giza la saa tisa alasiri.
Kwenye mto wa sindano imebaki moja yenye uzi,
na uzi wenyewe si mrefu.
Sogeza taa, Bwana.
Hapo. Hapo panatosha.